Istilahi za Wavuti na Zipimwe kwa Tovuti Zenyewe

Orodha za istilahi za kompyuta zilizokwisha kutolewa katika Kiswahili si chache, na baadhi yake ni nzuri. Aghalabu, hata hivyo, orodha hizo hutungwa mezani: upande mmoja neno la Kiingereza, upande wa pili neno la Kiswahili, na katikati hakuna kitu. Mtungaji halazimiki kuonyesha kitu chenyewe kinachotajwa, wala msomaji haelekezwi akakione. Katika makala haya tunanuia kufuata njia nyingine. Tutawaelekeza wasomaji kwenye tovuti chache zisizo za kawaida, ambazo kila moja yastahili kutazamwa kwa ajili yake yenyewe, kisha tutauliza kama maneno tuliyo nayo yanatosha kuisimulia. Tumechagua tovuti za ajabu kwa makusudi. Tovuti ya benki hailiulizi neno swali lolote gumu; ni tangazo la ukutani lililohamishiwa kwenye kioo. Nguvu za neno huonekana linapokutana na kitu kisichotarajiwa.

Wala jambo hili si la wataalamu peke yao. Siku hizi mtoto wa shule ya msingi hukutana na istilahi hizi katika simu ya mzazi wake kabla hajakutana nazo darasani, na akikuta neno lililopotoka hulichukua kama lilivyo. Basi tuanze na neno analoliona kila siku.

Katika programu nyingi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, kitufe cha kumpelekea mwenzako picha, habari au anwani ya tovuti kimeandikwa "Shiriki". Kushiriki ni kuwa na sehemu katika jambo: mtu hushiriki mkutano, hushiriki maziko, hushiriki mashindano. Anayeambiwa "shiriki picha hii" anaambiwa, kwa Kiswahili, aingie ndani ya picha. Ni dhahiri kwamba mtafsiri alitazama neno la Kiingereza lenye maana mbili, ile ya kugawana na ile ya kuwa na fungu, akachukua ile isiyohusika. Kauli ya kutendesha ilikuwapo tangu hapo: "shirikisha", yaani mfanye mwenzako naye awe na fungu. Kama mtu ataona neno hilo ni refu mno kwa kitufe kidogo, basi lipo "eneza", lipo "sambaza", na lipo "peleka", ambalo halimshindi mtu yeyote. Tunafahamu kuwa huko Kenya "sambaza" limeshikamana na kumpelekea mtu salio la simu, lakini neno kuwa na kazi mbili si ila. Sisi tunapendelea "shirikisha" kwa sababu anayeshirikisha hajinyimi; fungu lake hubaki palepale. Ndivyo ilivyo kwa anwani ya tovuti: ukishampa mwenzako, bado unayo.

Desturi ya kushirikishana tovuti nzuri ina umri sawa na wavuti yenyewe. Msomaji asiyesadiki na afungue info.cern.ch. Hapo ndipo palipokuwa na tovuti ya kwanza duniani, kazi ya Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Alitoa pendekezo lake Machi 1989, na mwaka 1991 watu wa nje ya kituo wakaanza kuifikia kazi hiyo. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliiachia wavuti iwe mali ya watu wote bila ada. Na mwaka 2013 ikaanza kazi ya kuurudisha ukurasa ule wa kwanza kwenye anwani yake ya asili. Anayeutazama leo hushangazwa na uchache wake. Hakuna picha, hakuna pambo. Ni maandishi na viungo tu. Lakini miongoni mwa viungo hivyo kimo kinachomwongoza msomaji kwenye habari nyingine zilizokuwa zikipatikana kwingineko wakati ule. Tovuti ya kwanza, basi, ilikuwa tayari inawaelekeza watu nje ya mlango wake.

Mbele ya ukurasa huo mtu hawezi tena kuyachanganya maneno matatu yanayochanganywa kila siku katika magazeti yetu: mtandao, wavuti na tovuti. Mtandao, kwa maana ya intaneti, ni mashine, nyaya na mitambo iliyounganishwa ulimwenguni kote. Ulikuwako kabla ya 1989, na barua pepe zilikuwa zikipita ndani yake. Wavuti ni nyaraka zilizofungamanishwa kwa viungo, nayo hupita juu ya mtandao huo. Tovuti ni makao mamoja ndani ya wavuti. Mfumaji wa nguo angetuelewa upesi kuliko mhariri. Yeye hutanda kwanza nyuzi za urefu, ambazo ni mtande, ndipo apitishe nyuzi za mapana, ambazo ni mshindio. Mtandao ni mtande, wavuti ni mshindio, na hakuna fundi anayeviita vitu hivyo viwili kwa jina moja eti kwa sababu vyote ni nyuzi.

Kusema "nimeisoma mtandaoni" si kosa, kama vile si kosa kusema "nimemkuta mjini" bila ya kuitaja nyumba. Lakini kuandika "mtandao wa wizara" kwa maana ya tovuti ya wizara ni kosa, na kosa hilo lina hasara. Kwa wananchi wengi mtandao ni kampuni ya simu pia, na mtu akisema kwamba mtandao wa wizara umekatika, hatujui kama nyaya zimekatwa, au simu haishiki, au tovuti tu ndiyo haifunguki. Wengine, hasa nchini Kenya, huandika "wavuti" kwa maana ya tovuti moja. Tungewasihi waache, kwani wakilitumia neno la kitu kizima kwa sehemu yake, kizima kitabaki bila jina.

Baada ya ukurasa ule wa CERN walitokea watu waliofanya kuelekezana kuwa kazi. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianza kupanga orodha ya tovuti walizoziona, wakaipa majina yao wenyewe. Orodha hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Yahoo. Mwaka 1998 ilianzishwa saraka iliyojulikana kwa jina la DMOZ, ambayo watu wa kujitolea waliipanga kwa mikono, mada kwa mada. Baadaye likaja jambo la ajabu zaidi, StumbleUpon, ambalo lilimtupa mtu kwenye ukurasa asiousikia kabla, likifuata mapenzi yake kidogo na bahati zaidi. Zote zimekwisha. Saraka ya Yahoo ilifungwa mwaka 2014, DMOZ mwaka 2017, na StumbleUpon mwaka 2018. Kilichobaki kikitumiwa na wengi ni injini ya kutafutia, nayo humjibu aliyekwisha kujua anachokitaka. Asiyejua kwamba kitu fulani kipo hawezi kukiuliza.

Kwa orodha yenyewe neno "saraka" latosha. Tunachokikosa ni jina la mtu anayeipanga, yule aliyepita mwenyewe, akaona, akarudi kuwaambia wengine. Tunapendekeza "rubani". Vijana wataona ajabu, kwa kuwa rubani wanayemjua ni wa ndege. Lakini kabla ya kupanda angani rubani alikuwa baharini. Alikuwa mtu aijuaye milango ya miamba, ambaye nahodha mgeni humchukua ili amwingize bandarini. Hakuwa mwenye chombo wala mwenye shehena. Kazi yake ilikuwa kujua njia tu, na hiyo ndiyo kazi ya mtu anayewaorodheshea wenzake tovuti zinazofaa.

Bahari hiyohiyo imetupa neno lililo bora kuliko yote katika fani hii, nalo ni "kivinjari". Katika Kiswahili cha pwani, chombo huvinjari kinapozungukazunguka baharini kikiangalia, pengine kikipeleleza, bila ya kuwa na bandari moja kinayoielekea. Kwa hiyo programu tunayofungulia tovuti imeitwa chombo cha kuvinjaria, na aliyelichagua neno hilo alikuwa na sikio. La kusikitisha ni kwamba jina la chombo limekubalika ilhali kitendo chenyewe kimeachwa. Tunasoma "fungua kivinjari chako", halafu "tembelea tovuti yetu", au, kwa wale wa mjini, "peruzi". Hilo la mwisho limetokana na neno la Kiingereza ambalo asili yake ni kusoma kwa makini. Sisi tumelipokea kwa maana ya kupitisha macho juujuu. Hatuna ugomvi mkubwa nalo, maana watu wamelipenda na lugha ni yao.

"Kutembelea" lina matatizo ya namna nyingine. Kumtembelea mtu ni kwenda kwake ukipiga hodi. Yupo mwenyeji, kuna kukaribishwa, kuna kuulizana hali. Neno hilo lafaa pale mwenye tovuti anapowaalika watu. Sasa tuchukue tovuti iitwayo Radio Garden, inayopatikana kwa anwani ya radio.garden. Ilianzia Uholanzi mwaka 2016, katika mradi wa taasisi ya nchi hiyo ihifadhiyo sauti na picha. Mtu akiifungua huona tufe la dunia lililojaa nukta za kijani, na kila nukta ni mahali penye redio. Hulizungusha tufe kwa kidole, akaisogeza nukta kati, mara akasikia stesheni ya mahali hapo inavyotangaza wakati uleule. Kutoka Dar es Salaam husogea kaskazini hadi Mombasa, kisha hupanda bara hadi Nairobi, na katika dakika kumi amekwisha kusikia lafudhi tatu za Kiswahili na namna tatu za kusoma taarifa ya habari. Kwa mwalimu wa lugha hiyo ni zawadi. (Wenzetu walioko Uingereza wasishangae wakipata kidogo: mwaka 2022 stesheni za nje zilizuiwa huko kwa sababu za haki na leseni.) Je, mtu huyu ametembelea nini? Hakupiga hodi popote, wala hakusoma chochote. Amevinjari, na Kiswahili kinalo neno hilo tayari. Ni wajibu wa waandishi wa vitabu vya shule kulirudisha kama kitenzi, wasiliache libaki ndani ya jina la programu kama mdudu ndani ya gundi ya mti.

Tuje sasa kwenye "kiungo", neno ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye utajiri mkubwa uliopuuzwa. Mwaka 2005 kijana mmoja Mwingereza wa miaka 21, Alex Tew, alihitaji fedha za masomo ya chuo kikuu. Alitengeneza ukurasa mmoja wenye pikseli milioni moja, akaziuza kwa dola moja kila pikseli, katika vipande vya pikseli mia. Kila mnunuzi aliweka kipicha chake, na ukikibonyeza unapelekwa kwenye tovuti ya mnunuzi. Pikseli 1,000 za mwisho ziliuzwa kwa mnada Januari 2006 kwa dola 38,100, na mapato yote yakafika dola 1,037,100. Ukurasa huo, uitwao Million Dollar Homepage, haupendezi hata kidogo. Unafanana na ukuta wa soko uliobandikwa matangazo juu ya matangazo. Lakini umebaki kama ulivyokuwa, na kwa sababu hiyo umekuwa kipimo. Mwaka 2017 watafiti wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard walivihesabu viungo vyake. Vilikuwa 2,816. Kati ya hivyo, 547 havikufika popote. Vingine 489 vilimpeleka mtu kwenye anwani nyingine, pengine ya wauzaji wa majina ya tovuti. Vilivyosalia, 1,780, vilifunguka.

Tafsiri iliyozoeleka ya hali hiyo ni "kiungo kilichovunjika". Hapa ndipo tunapoona hasara ya kufuata Kiingereza neno kwa neno. Kiungo, kabla ya kuwa cha wavuti, ni cha mwili: goti, kiwiko, kifundo cha mguu. Mfupa ndio uvunjikao, kiungo huteguka. Muuguzi na mkandaji wote wawili wanajua kwamba kuteguka si kuvunjika, na kwamba dawa zake ni mbalimbali. Kiungo kilichoteguka kingali na mifupa yake yote, ila mfupa mmoja umetoka mahali pake. Hiyo ndiyo sifa kamili ya vile viungo 489: anwani ipo na inaitika, lakini kilichokuwa upande wa pili kimehama, na mahali pake amekaa mwingine. Vile 547 navyo havikuteguka, vimekatika. Kwa hiyo Kiswahili kinatupa istilahi mbili pale ambapo kuiga Kiingereza kulitupa moja: "kiungo kilichokatika" na "kiungo kilichoteguka". Tofauti hii ina faida kwa mtunza tovuti, kwani kilichokatika kitamwonyesha ujumbe wa kosa, bali kilichoteguka kitamhadaa. Atakibonyeza, kitafunguka, na asipotazama vizuri atadhani ni kizima. Maktaba yoyote yenye orodha ya viungo inapaswa kuogopa zaidi vile vilivyoteguka.

Na kikiteguka kiungo, mtu hufanya nini? Wengi hawajui kwamba ipo tovuti ya kuwafaa, Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Brewster Kahle huko San Francisco. Tangu 2001 imewafungulia watu wote chombo chake kiitwacho Wayback Machine. Mtu huandika anwani ya zamani, naye huonyeshwa kalenda. Akichagua siku, huona ukurasa ulivyokuwa siku hiyo. Zimo humo kurasa za GeoCities, mahali ambapo watu wa kawaida waliweka kurasa zao za nyumbani hadi pakafungwa mwaka 2009, na ambapo sehemu yake iliokolewa na watu wa kujitolea dakika za mwisho. Tunapendekeza kila mtunza kumbukumbu akatazame humo. Kuhusu jina la kitu cha namna hii hatutasema mengi. Tanzania husema "hifadhi ya nyaraka", na Kenya "makavazi". "Makavazi" halina wanyama ndani yake, jambo ambalo ni nafuu.

Neno linalotaabishwa na tovuti hiyo ni "ukurasa". Ukurasa wa kitabu ukishapigwa chapa umepigwa. Ukurasa wa kumi wa leo ndio ukurasa wa kumi wa kesho. Ukurasa wa wavuti hubadilika ilhali anwani yake ni ileile, hata watu wawili walioufungua kwa siku mbili wanaweza kubishana na wote wakawa wasema kweli. Twahitaji, basi, kuutenga ukurasa na hali yake ya siku fulani. "Nakala" halifai, kwa sababu nakala hufanana na asili yake. "Toleo" hudokeza kwamba mwenyewe amelitoa kwa kukusudia. Sisi tungesema "sura ya ukurasa": sura ya tarehe fulani, sura ya mwaka fulani, kama vile tusemavyo kwamba mtu ni yuleyule ila sura imebadilika. Neno hilo pia ni mgawanyo wa kitabu, tunajua. Lakini hakuna atakayedhani kwamba ukurasa mmoja una sura kumi za kitabu ndani yake.

Tumeiacha mwisho tovuti inayotugusa kwa karibu zaidi. Chuo cha SOAS cha London kinatunza miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ikiwa ni pamoja na makusanyo ya William Taylor na William Hichens, na picha za miswada mingi zimewekwa katika tovuti ya makusanyo yake ya kidijiti. Mtu aliyeko Lamu au Tanga anaweza kuitazama hati ambayo zamani ingemlazimu kusafiri hadi Ulaya. Anaweza hata kuipakua. (Neno hilo limefaulu mno, ingawa lina kichekesho chake: chakula kikipakuliwa chungu hupungua, na shehena ikipakuliwa jahazi huelea juu zaidi, lakini faili likipakuliwa chungu kimejaa vilevile.) Pamoja na uzuri wote huo, maelezo ya miswada hiyo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Mzee aliyesoma chuoni, anayezisoma hati hizo bila taabu kuliko wengi wetu wenye shahada, hawezi kuitafuta asipojua kuuliza kwa lugha ya kigeni. Tenzi zipo, msomaji wake yupo, na kinachowatenganisha ni maneno machache ya orodha.

Maneno hayo si ya kubuniwa upya. Ni ya kukusanywa na kukubaliwa. Aliyeandika hati kwa mkono wake kutoka katika hati nyingine ni mnakili, wala asichanganywe na mtunzi. Kitabu kisichopigwa chapa ni muswada, hata kama Bunge nalo lina miswada yake. Na upande mmoja wa karatasi ya muswada tungependa uitwe sahifa, neno kongwe ambalo wengi wameliacha tangu "ukurasa" ulipoenea. Likirudishwa kwa kazi hii, mwandishi wa orodha ataweza kusema bila kumtatiza mtu kwamba ukurasa mmoja wa tovuti una sahifa kumi za utenzi, na kwamba sahifa ya saba imeliwa na mchwa.